Kijana Anataka Kusomea Gemu: Tusimkatalie, Ila Tuulize Anakwenda Kusoma Nini Khasa

Idd ilopita nilikuwa Wete kwa dada yangu, na usiku wageni walipokwisha kuondoka mwanawe wa pili, huyu alomaliza kidato cha sita mchepuo wa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, akaniletea simu nitizame. Tangazo la chuo kimoja cha nje. Video nzuri kwelikweli, vijana wamekaa kwenye viti vya rangi mbele ya skrini kubwa kubwa, na chini pameandikwa ukisoma miaka mitatu unatoka mtengenezaji wa gemu. Akanambia, "Mjomba, mie nataka hichi." Shemeji yangu alikuwa kakaa barazani kimya, na kimya chake nakijua, mana pesa anazo, si nyingi, za karafuu, kaziweka tokea vuno zuri la mwisho kwa ajili ya masomo ya watoto na si kitu chengine. Hakusema ndio, hakusema hapana. Aliuliza tu: "Hivi hiyo ni kazi au ni mchezo?"

Nimerudi Unguja na suali lile kichwani, na nimeona niliandike hapa kwa sababu nyumba nyingi saivi zina mtoto kama huyu, na nnavyoona wazee wamegawika pande mbili, kuna wanaokataa moja kwa moja kwa kuwa gemu kwao ni vibanda vya PlayStation vinavyowatoa watoto skuli, na kuna wanaokubali upesi kwa sababu wamesikia mtandaoni kuna mabilioni. Wote wawili mie naona hawajaliangalia lenyewe jambo.

Msimamo wangu nausema mapema. Ni kazi, tena kazi nzito, na kijana anaetaka kuisomea asirudishwe nyuma. Ila pesa za karafuu zisiende kununua jina la kozi. Kitu cha kuangalia ni siku ya kutoka chuo mtoto atakuwa na nini mkononi: hisabati gani, lugha gani ya kuandikia programu, na gemu ngapi alizozimaliza pamoja na wenzake mpaka mtu mwengine akaweza kuzicheza. Kozi inayompa hivyo ni nzuri hata kama haina neno gemu kwenye jina lake, na ile isiyompa hivyo ni hasara hata wakiweka viti vya rangi zote.

Nasema hivi kwa kuwa yalinikuta. Zamani kidogo, kabla sijaingia kwenye kazi hii ya kuandika programu, nilisoma kozi ya miezi sita ya maltimedia, chuo sikitaji. Tulifundishwa bonyeza hapa, buruta pale, chagua rangi hii, sevu. Cheti nilipata kizuri kina muhuri wa dhahabu. Baada ya mwaka na nusu ile programu ilobeba kozi nzima ikatoka toleo jipya, vitufe vimehamishwa vyote, na mie nikawa kama mtu alohifadhi njia ya kwenda Darajani kwa kuhesabu milango, wakibomoa nyumba mbili tu keshapotea. Ada ile alilipa mama yangu kwa kuuza vitumbua asubuhi. Mpaka leo nikikumbuka naumia.

Basi hebu tutizame gemu ndani yake ina nini, mana hapa ndipo watu wengi hawafiki.

Chukua keram. Kila mtaa wetu una meza ya keram, na mtoto wa miaka minane akipiga anajua kwa jicho tu kete hii ikiguswa pale itakwenda shimoni. Sasa ifundishe kompyuta ile keram. Gemu ya kawaida inachora picha mara 60 kwa sekunde, mana yake kwa kila picha una milisekunde 16 na kitu, na ndani ya mda huo lazima programu iwe ishahesabu kila kete ipo wapi, inakwenda upande gani kwa kasi gani, imegusana na nani, msuguano wa meza umeipunguza kiasi gani, na baada ya kugongana kila moja inaelekea wapi. Hizo ni vekta, ni fizikia ya mgongano, ni trigonometri. Na ukishamaliza hapo unakutana na jambo ambalo hukulitarajia, unapiga kwa nguvu na kete inatoboa ukingo wa meza inapotea nje, kwa sababu picha hii ilikuwa ndani ya ukingo na picha inayofuata ishapita, ile sehemu ya katikati kompyuta haikuiona kabisa. Kila aloanza kutengeneza gemu yalimkuta haya. Zipo programu zenye kitufe cha kusaidia hapo, lakini kulielewa khasa unakaa chini na kalamu na karatasi unahesabu njia ilopita kete baina ya picha mbili. Na kijana alofundishwa vitufe peke yake hapa ndipo anapokwama, aloshika hisabati yake vizuri anaipenya.

Ndo mana nilimwambia shemeji, mtoto huyu na PCM yake kwanza kabisa aangalie vyuo vya hapa hapa. SUZA, chuo kikuu cha Zanzibar pale Tunguu, wanafundisha sayansi ya kompyuta. Ipo Taasisi ya Karume Mbweni. Na tokea 2023 tuna kampasi ya IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, pale Bweleo, ya kwanza kwa vyuo vya IIT kufunguliwa nje ya India, na shahada waloanza nayo ni ya sayansi ya data na akili bandia. Hakuna hata moja iliyoandikwa gemu. Lakini aljebra ya vekta na matriki anayofundishwa mtu wa akili bandia ndo hiyo hiyo inayozungusha kamera ndani ya gemu, na somo la jinsi ya kupanga data ndilo linaloamua gemu yako iende laini kwenye simu ya bei rahisi au ikwamekwame. Ukishakuwa nayo, injini ya gemu, yaani ile programu ya kujengea gemu, unajifunza nyumbani.

Na sitaki mtu anielewe vibaya hapa, kwamba nasema vyuo vya gemu vya nje ni utapeli. Hapana. Kuna chuo Marekani kinaitwa DigiPen, wanafunzi wake mwaka 2005 walitengeneza gemu yao ya kumalizia masomo ikiitwa Narbacular Drop, ndogo, haikuwa na mapambo, lakini ndani yake mlikuwa na wazo moja la ajabu, unafungua mlango kwenye ukuta huu unatokea ukuta ule. Kampuni ya Valve wakaiona, wakawaajiri kundi zima, na 2007 ikatoka Portal, gemu inayosifiwa mpaka leo. Jenova Chen nae alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha USC huko huko Marekani, akiwa bado anasoma wakatoa yeye na wenzake gemu ya bure ya kuchezea mawingu, na kutoka hapo akaendelea mpaka gemu ya Journey ya 2012. Tizama vizuri hizi habari mbili. Valve hawakuomba cheti. Waliwaita vijana wakiwa na gemu ilokwisha, inachezeka, na walikuwa kundi, si mtu mmoja. Chuo kizuri kinampa kijana hayo mawili, wenzake wa kufanya nao kazi na siku ya mwisho ya kukabidhi, na mie naamini hivyo viwili ndivyo vigumu kuvipata ukiwa peke yako chumbani Wete.

Kwahiyo mzazi akiletewa tangazo, aulize. Mwaka wa kwanza kuna hisabati gani? Wanatumia lugha gani, C++, C#, au wanaburuta picha tu? Mwanafunzi anamaliza gemu ngapi mpaka atoke, na anazifanya na watu wangapi? Halafu suali lenyewe: nipeni majina ya gemu za wanafunzi wenu wa mwaka jana tuzishushe tuzicheze. Chuo kinachojiamini kitakutumia siku hiyo hiyo. Kijana wangu aliwaandikia wale wa kwenye tangazo akawauliza hayo. Wakamjibu kwa kumtumia tena bei na punguzo la kulipa mapema.

Sasa tuje kwenye ajira, mana mabilioni yapo kweli. Biashara ya gemu duniani makadirio ya miaka ya karibuni yanazunguka dola bilioni 180 kwa mwaka. Lakini pesa kuwepo na mlango kuwa wazi ni mambo mawili tafauti. Wakati wa korona 2020 watu wote walikuwa majumbani wanacheza, kampuni zikajaza wafanyakazi zikidhani hali itabaki vile vile, haikubaki. Oktoba 2023 Microsoft waliinunua Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69, na Januari 2024 wakawatoa watu 1,900 upande wa gemu. Mwezi ulofuata Sony wakatangaza kuwapunguza 900 kwenye PlayStation. Kuna na studio ndogo ndogo nyingi zilizofungwa kimya kimya. Wengi wa hawa walotoka wana uzoefu wa miaka, na wanaomba kazi zile zile anazoziomba kijana alotoka chuo jana, halafu kijana wetu juu yake anahitaji viza. Tukimpeleka mtoto nje kwa pesa za vuno tatu nne za karafuu tukitegemea atabaki kule kwenye studio kubwa, tunaweka yai moja kwenye kikapu kilotoboka.

Njia ya pili wanayoipenda vijana ni kutengeneza peke yako na kuuza. Mfano wao ni Eric Barone wa Stardew Valley, na ni mfano wa kweli, alimaliza sayansi ya kompyuta akakosa kazi, akakaa miaka minne na nusu anatengeneza gemu ya kulima peke yake, muziki yeye, picha yeye, programu yeye, ikatoka 2016 na imeshauza zaidi ya nakala milioni 40. Lakini kijana wangu alikuwa hajui kwamba Barone kwa miaka ile alikuwa anafanya kibarua cha kuongoza watu kwenye viti ukumbi wa tamthilia na mwenzake nae anafanya kazi kuendesha nyumba. Na hajui kwamba Steam, soko kubwa la gemu za kompyuta, mwaka 2024 peke yake ziliingia gemu zaidi ya 18,000. Ziko kama dagaa sokoni siku ya bamvua. Kuingiza gemu yako pale ni dola 100, soko lenyewe linachukua asilimia 30 ya mauzo, kwa simu Google Play unalipa dola 25 mara moja, Apple ni 99 kila mwaka. Gharama ya kuingia si kubwa, kuonekana ndo kugumu. Na kabla hujaanza kuuza chochote uliza kwanza pesa zako zitakufikia kwa njia gani mpaka Chake Chake au Mlandege, mana nshawaona vijana walofanya kazi za mtandaoni vizuri kabisa halafu malipo yanakaa miezi wanatafuta njia ya kuyatoa.

Sasa kama studio za nje ni ngumu na kuuza peke yako ni bahati, kuna nini? Kuna mengi, na hapa ndipo ninapotaka tukae.

Tukumbuke kwanza Waafrika wenzetu walishaanza. Leti Arts tokea 2009, Ghana na Kenya, wanatengeneza gemu na vibonzo vya mashujaa wa Kiafrika. Kiro'o Games wa Cameroon walianza 2013 pale Yaoundé na 2016 wakatoa Aurion, gemu nzima imejengwa juu ya hadithi na mavazi ya kwao. Nigeria wapo Maliyo Games tokea 2012 na gemu zao za simu. Afrika Kusini Nyamakop walitoa Semblance 2018, gemu ya kwanza ilotengenezwa Afrika kuingia kwenye mashine ya Nintendo. Studio hizi si tajiri, nyingi zinaishi kwa kazi za kuagizwa, unatengeneza gemu ndogo ya taasisi fulani, unalipwa, ndo unapata mda wa kufanya ya kwako. Hiyo ndo biashara ilivyo khasa na kijana aijue hivyo mapema.

Halafu kuna jambo lililotokea ng'ambo yetu hapa tu, Tanga, ukisimama Mkoani siku ya hewa safi unahisi utaifikia. Kuanzia 2017 mashindano ya XPRIZE yaligawa tableti kwenye vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga, karibu watoto 3,000 wasiokwenda skuli, tableti zina programu za kuwafundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili bila mwalimu, na mtihani ule ulikwenda miezi 15. Mei 2019 wakatangazwa washindi wawili walogawana dola milioni 10. Mmoja ni shirika la onebillion la Uingereza, mwengine ni Kitkit School ya kampuni ya Enuma ya Seoul na California, na mwanzilishi wake Sooinn Lee alitoka kwenye kazi ya kutengeneza gemu Korea. Nirudie pole pole. Watoto wetu, lugha yetu, wanafundishwa kwa ujuzi wa gemu, na mmoja wa waloshinda ni mtengeneza gemu wa Korea. Mie simuonei husuda hata kidogo, Mungu amlipe kheri, watoto walijifunza. Lakini nikifikiria kwamba Zanzibar yenye BAKIZA, baraza letu la Kiswahili, yenye SUZA inayofundisha Kiswahili mpaka shahada za juu, watu wanatoka duniani kote kuja kukisoma hapa, na gemu ya kumfundisha mtoto silabi inatoka Seoul na California, moyo unanisumbua. Soko lile lipo. Wizara, mashirika, skuli za binafsi, vyuo vya Kurani, wote wanataka vitu vya kufundishia na wa kuwatengenezea ni wachache.

Na ujuzi huo huo unafanya kazi nyengine. Kule Fumba nyumba zinauzwa hazijajengwa, mnunuzi anaoneshwa kwa picha za 3D, na anaetengeneza zile picha anatumia Blender na Unreal, vitu vile vile vya gemu. Utalii wetu ndo usiseme. Beit el Ajaib la mwaka 1883 upande wake uliporomoka Disemba 2020, na mgeni anaekuja Forodhani angeweza kulitembea ndani kwenye skrini kama lilivyokuwa. Magofu ya Mkama Ndume kule Pujini watu wanafika wanakuta mawe na majani, hawajui walikuwa wanaangalia nini. Kijana alojua kujenga ulimwengu wa gemu ndie anaeweza kuyasimamisha yale mawe. Na wala si lazima awe wa programu, gemu ina wachoraji, ina watu wa sauti, ina waandishi wa hadithi, ina wapimaji wa kutafuta hitilafu. Mabinti zetu wanaochora hina na piko kwa mkono mmoja bila kufuta, mpe binti kama yule kalamu ya kompyuta na programu ya Krita ambayo ni ya bure, umwache miezi sita, halafu uje uniambie.

Lipo jambo moja wazee wanalisema na vijana hawataki kulisikia, mie nalisikia. Kamari. Shemeji aliniuliza kama gemu hizi hazina kamari ndani, na jibu la kweli ni kwamba nyengine zinayo. Gemu nyingi za simu za bure zinaishi kwa kuuza visanduku vya bahati, mtoto analipa hajui atapata nini, anafungua, anataka tena. Ubelgiji mwaka 2018 walisema wazi ile ni kamari na wakazibana kampuni kubwa waviondoe. Kijana alofundishwa dizaini ya gemu atakuja kukutana na bosi atakaemwambia tengeneza kisanduku kile, pima ni saa ngapi mtoto anakuwa dhaifu zaidi ndo umtolee ofa. Sijaona matangazo ya kozi yanayolitaja hilo, na kwetu sie ni suali la riziki ya halali. Si sababu ya kuikimbia kazi nzima, mana na benki zipo na mahoteli yapo na vijana wetu wanafanya kazi humo kila mmoja na mipaka yake, lakini mzazi akiligusia asiambiwe kapitwa na wakati. Alifikiria vizuri kuliko tangazo.

Upande wa vifaa nitapita haraka kwa sababu unatatulika. Injini ziko tatu kubwa zinazotajwa, Unity, Unreal na Godot. Unreal ni nzuri sana lakini kuishusha ni makumi ya GB, bando gani hilo, na laptopu inataka nguvu. Unity inatumika sana kwa gemu za simu, ila 2023 walitangaza watoze pesa kila gemu yako inapowekwa kwenye kifaa, ikishapita kiwango fulani, watengenezaji dunia nzima wakapiga kelele, na mwaka ulofuata wakaifuta ile ada, na lile limewafundisha wengi wasijifunge kwa kampuni moja. Godot iliyoanzishwa na Waargentina wawili na kuachiwa wazi kwa kila mtu tokea 2014 haifiki hata MB 200, inakwenda kwenye laptopu ya mtumba, haina ada wala asilimia. Kwa mtoto wa Wete mie sina ubishi, aanze na Godot. Umeme ukikatika atasubiri, sie wa Unguja tulikaa miezi mitatu gizani kutoka Disemba 2009 na mitihani tulifanya.

Kwa upande wa vyuo vyetu ninalo ombi, na naliomba kwa heshima. Mradi wa mwaka wa mwisho. Mara nyingi mwanafunzi anafanya peke yake mfumo wa kusajili wanafunzi au wa kuhesabu dawa za hospitali, unapigwa muhuri, unawekwa kwenye kabati, hautumiki na mtu. Waruhusuni wanne watano wafanye gemu moja, mmoja wa programu, mmoja mchoraji, mmoja wa Kiswahili aandike mazungumzo, na muziki wakaombe kwa wanafunzi wa DCMA, chuo cha muziki cha hapa Unguja, ambacho tokea 2002 kinafundisha udi na kanuni na ngoma, halafu iwekwe mtandaoni na alama zitolewe kwa sharti kwamba watu ishirini wasiowajua wameicheza mpaka mwisho. Na kila Januari kuna Global Game Jam, vijana duniani kote wanakaa saa 48 wanatengeneza gemu, tokea 2009, na chuo chochote kinaweza kujiandikisha kuwa kituo. Kinatakiwa chumba, umeme, intaneti na chai. Tuna ZIFF ya filamu tokea 1998, tuna Sauti za Busara tokea 2004, vijana wetu wa filamu na muziki wamekua kwa sababu ya yale matamasha. Wa gemu hawana hata ukumbi mmoja.

Nikirudi kwa mwana wa dada yangu. Sikumkatalia. Nilimwambia kabla ya kuomba chuo chochote atengeneze gemu moja mpaka iishe, na nikamchagulia bao. Babu yake alikuwa fundi wa bao, na mchezo wenyewe kwa programu ni mzuri mno kujifunzia. Mashimo 32 ni safu ya namba 32. Kete 64. Kila mchezaji anaanza na kumi ubaoni, sita kwenye nyumba, lile shimo maalumu, mbili na mbili pembeni yake, na 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingiza ubaoni moja moja. Kisha zikiisha za mkononi mchezo unageuka kuwa mtaji, unacheza kwa kete zilizo ubaoni tu, na sheria zinabadilika, na nyumba nayo ina sheria zake, na kimbi na kichwa, yale mashimo ya mwisho wa safu, nayo yana zake, na kete ya mwisho ikiangukia pahala penye kete unaendelea, zamu moja inaweza kuzunguka ubao mpaka mtazamaji akachoka kuhesabu. Ukiweza kuyaandika yale yote bila kukosea ushakuwa mwandishi wa programu. Na kipimo chake nilimpa kimoja tu, baada ya kila zamu jumla ya kete zote ubaoni na mkononi lazima iwe 64.

Shemeji alisikiliza yale masharti kwa makini kuliko mtoto. Siku ya tatu akapiga simu yeye mwenyewe kuniuliza kama nimemwambia kijana kwamba nyumba ikishaliwa haihesabiwi tena kuwa nyumba, mana babu alikuwa anakazania sana hilo na yeye hataki gemu itoke na makosa ikadhalilisha wazee. Katoa sehemu ndogo ya zile pesa, wamenunua laptopu ya mtumba Chake. Fomu za chuo wanajaza za hapa nyumbani kwanza, na ya nje imebaki kwenye simu.

Kunamua kunakwenda vizuri, nimeona video. Mtaji bado. Juzi usiku kanitumia sauti kwenye WhatsApp, saa sita kasoro, anasema mjomba ukizunguka kushoto kutoka kichwani jumla inasoma 63, kuna kete moja inamezwa pahala, nishatafuta tokea magharibi sijaiona, na nyuma yake nasikia baba yake anamwambia aanze tena kwa kuhesabu shimo moja moja.